Kiendelezi cha kamusi kimekataa kuingia: namna ya kutafuta kosa ndani ya faili za XML

Maalim mmoja wa Wete aliniletea flashi huku Chake Chake, Jumamosi asubuhi. Mlikuwa na kiendelezi, yaani nyongeza ya programu, cha LibreOffice (programu huria ya kuandikia) alichokitengeneza mwenyewe, kimejaa maneno ambayo sisi wa visiwani tunayaandika kila siku na kompyuta inatupigia mstari mwekundu: skuli, tungule, mbatata, shehia, dakhalia. Ameyakusanya kwa miezi, jioni baada ya kusomesha. Kila akijaribu kukisakinisha, LibreOffice inakataa. Yeye aliamini kosa limo katika orodha ya maneno, kwa hiyo akawa anayafuta mojamoja na kujaribu tena. Alipofika kwangu alikuwa ameshafuta karibu nusu ya maneno yanayoanza na M.

Kosa halikuwamo katika maneno hata kidogo. Lilikuwa alama moja tu, `&`, katika faili ya mistari 12 inayotaja jina la kiendelezi. Tulilitengeneza kwa dakika moja. Yale maneno ya M ilibidi ayaandike upya kutoka daftarini.

Naandika mwongozo huu ili mwengine asifute kazi yake bure. Mifano yote ni ya kamusi ya LibreOffice, lakini kiendelezi chochote kinachojieleza kwa XML, yaani matini tupu iliyogawanywa kwa tagi kama `<name>`, hukaguliwa kwa njia hii hii.

Hatua ya 1: Fungua mzigo uone kilichomo

Faili ya kiendelezi, yenye kiishio `.oxt`, ni zipu ya kawaida iliyopewa jina jengine. Itolee nakala kwanza, na asili uiweke pembeni usiiguse. Badilisha jina la nakala kutoka `maneno.oxt` kuwa `maneno.zip`, kisha uifungue kama unavyofungua zipu yoyote. Kama unatumia Windows, washa kwanza onyesho la viishio vya majina ya faili. Bila ya hivyo utadhani umebadilisha jina kumbe umepata `maneno.zip.oxt`, na utahangaika na tatizo ambalo halipo.

Kamusi ya kawaida ina faili hizi:

```
META-INF/manifest.xml
description.xml
dictionaries.xcu
sw_TZ.aff
sw_TZ.dic
```

`manifest.xml` ni orodha ya shehena: inaiambia LibreOffice ni faili gani ya kusajili na ya aina gani. `description.xml` inataja jina la kiendelezi, toleo, mwenyewe na kitambulisho. `dictionaries.xcu` inaeleza kamusi iko wapi na ni ya lugha ipi. Nayo ni XML ijapokuwa kiishio chake hakisemi hivyo. Mbili za mwisho ni za Hunspell, yaani programu inayokagua tahajia: `.dic` ni orodha ya maneno na `.aff` ni kanuni zake, na hizo si XML kabisa.

Hapa ndipo Maalim alipopotea njia. Kiendelezi kikikataa kuingia, karibu kila mara kosa limo katika faili tatu za mwanzo. Kikiingia vizuri lakini maneno bado yanapigwa mstari mwekundu, hapo ndipo pia utazame `.aff` na `.dic`. Usianze kufuta maneno wakati mlango wenyewe haujafunguka.

Hatua ya 2: Mwache msomaji mkali akuoneshe mstari

Ukurasa wa HTML ukiwa na makosa, kivinjari hukisia mwandishi alikusudia nini na kuendelea. XML haina huruma hiyo. Toleo la 1.0 lilipitishwa Februari 1998 na sharti lake halijabadilika: kisomaji, yaani programu inayoisoma faili, kikikuta kosa la umbo, hakiruhusiwi kuendelea kama kwamba hakuna kitu. Kwa hiyo alama moja inatosha kuliangusha faili zima. Wema wake ni kwamba kisomaji hicho hicho kitakwambia kimeanguka mstari wa ngapi.

Ninachokitumia mimi ni `xmllint`, programu ndogo ya kukagua XML. Kwa wenye Ubuntu au Debian, kimo katika kifurushi cha `libxml2-utils`. Fungua dirisha la amri (terminal), ingia ndani ya folda uliyoifungua, uandike:

```
xmllint --noout description.xml dictionaries.xcu META-INF/manifest.xml
```

Ikinyamaza, faili zote tatu zina umbo sahihi. Ikisema kitu, usikate tamaa, kwa sababu imekurahisishia kazi.

Huna `xmllint`? Iburute faili na kuiachia ndani ya dirisha la Firefox. Haihitaji bando wala kusakinisha chochote. Faili isiyo na kosa itaoneshwa kwa mpangilio wa matawi. Mbovu itatoa ujumbe wa kosa pamoja na nambari ya mstari na ya safu. Ile ya `.xcu` itolee nakala yenye kiishio `.xml` kwanza, maana kivinjari huenda kisijue cha kuifanyia.

Hatua ya 3: Soma ujumbe, na urekebishe kosa la kwanza tu

Hii ndiyo `description.xml` ya mfano, ikiwa nzima:

```
<?xml version="1.0" encoding="UTF-8"?>
<description xmlns="http://openoffice.org/extensions/description/2006"
             xmlns:xlink="http://www.w3.org/1999/xlink">
  <identifier value="mfano.maneno.visiwani"/>
  <version value="1.0.0"/>
  <display-name>
    <name lang="sw">Maneno ya Unguja &amp; Pemba</name>
  </display-name>
  <publisher>
    <name xlink:href="https://example.org" lang="sw">Kikundi cha Ng'ambo</name>
  </publisher>
</description>
```

Na hivi ndivyo `xmllint` ilivyosema juu ya ile ya Maalim:

```
description.xml:7: parser error : xmlParseEntityRef: no name
    <name lang="sw">Maneno ya Unguja & Pemba</name>
                                      ^
```

Nambari 7 ni mstari. Kile kimshale kinaonesha pale kisomaji kilipokwama. Katika XML, alama ya `&` ni mwanzo wa msimbo wa herufi, kwa hiyo kisomaji kilingoja jina la msimbo, kikakuta nafasi tupu. Dawa yake ni kuandika `&amp;`, au, na mimi ndilo ninalolipendelea, kuandika tu neno "na". Maneno ya Unguja na Pemba. Kiswahili tunacho, na hakivunji faili.

Mambo mawili ya kushika kabla ya kwenda mbele.

Kwanza, kosa moja huzaa mengine. Unaweza kuoneshwa makosa sita kumbe umekosea mara moja. Tengeneza la juu kabisa, hifadhi, endesha `xmllint` tena. Usirukie la tatu.

Pili, mstari unaotajwa ni pale kosa lilipogunduliwa, na huenda limefanyika juu yake. Tuseme katika mstari wa 7 umesahau mkwaju na kumalizia na `<name>` badala ya `</name>`. Kisomaji kitaona umefungua tagi nyengine, na hakitalalamika. Kikifika mstari wa 8 na kukuta `</display-name>`, hapo ndipo kitasema kwamba ufunguzi na ufungaji havikubaliani. Mtu anautazama mstari wa 8, anauona hauna kasoro, anachanganyikiwa. Panda juu mstari mmoja au miwili. Ujumbe wa aina hii hutaja pia mstari ambao tagi ilifunguliwa, basi anzia hapo.

Hatua ya 4: Ritifaa, adui wetu wa nyumbani

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu miongozo mingi haikuandikwa na watu wanaoandika ng'ombe, ng'onda na Ng'ambo. Ritifaa ya ng' inaingia katika kazi zetu kila siku, na ndani ya XML inaweza kukuangusha kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni alama za kunukuu. Thamani za sifa katika XML, yaani yale yanayofuata alama ya `=` ndani ya tagi, huzungushiwa alama mbili `"` au moja `'`, na zote zinakubalika. Lakini ukiandika hivi:

```
<node oor:name='Kamusi_Ng'ambo' oor:op="fuse">
```

kisomaji kitaihesabu ritifaa ya Ng'ambo kuwa ndiyo mwisho wa thamani. Kitabaki na `ambo'` mkononi, hakijui kiipeleke wapi, na `xmllint` itasema `attributes construct error`. Jizoeze kutumia alama mbili daima, `"Kamusi_Ng'ambo"`, na tatizo hili hutalijua. Katika majina ya ndani kama haya, ambayo mtumiaji hayaoni, ni bora zaidi kuiondoa ritifaa kabisa. Lakini katika matini ya kawaida iliyo baina ya tagi mbili, kama pale penye `Kikundi cha Ng'ambo`, ritifaa haina madhara. Iache kama ilivyo, usiwaandikie watu "Ngambo".

Njia ya pili ni alama zilizopinda. Ukiandika XML ndani ya Word, au ukainakili kutoka katika ujumbe wa simu, `"` hugeuzwa kuwa `“` na `”`. Kwa jicho ni kitu kimoja, kwa kisomaji ni herufi nyengine kabisa, na kitakwambia `AttValue: " or ' expected`. Ukiona ujumbe huo, zifute alama za mstari huo na uziandike upya kwa mkono ndani ya kihariri cha matini tupu, kwa mfano Notepad.

Njia ya tatu ndiyo inayojificha. Mstari wa kwanza unatangaza `encoding="UTF-8"`, lakini kihariri, hasa Notepad ya Windows za zamani, kinaweza kuihifadhi faili kwa usimbaji (namna ya kuzigeuza herufi kuwa nambari) wa ANSI badala ya UTF-8. Sisi hatuoni tofauti, kwa sababu herufi za Kiswahili zote zimo katika zile 128 za mwanzo, na hizo zinafanana katika usimbaji wote wawili. Unaweza kwenda miaka miwili na faili yenye kasoro hiyo. Siku ambayo ritifaa moja iliyopinda itaingia, mambo yanaharibika. Mimi iliniletea hivi:

```
Input is not proper UTF-8, indicate encoding !
Bytes: 0x92 0x61 0x6D 0x62
```

Hizo nambari zinasomeka. `92` ni ritifaa iliyopinda katika usimbaji wa Windows-1252, ambao ndio huo Notepad inaouita ANSI. `61` ni a, `6D` ni m, `62` ni b. Yaani kosa lipo baina ya "Ng" na "amb", katika neno Ng’ambo. Nilitafuta neno hilo, nikaandika ritifaa iliyonyooka, kisha nikahifadhi upya nikichagua UTF-8. Usiubadilishe mstari wa kwanza utangaze usimbaji mwengine ili ujumbe upotee. Faili ndiyo inayotakiwa kufuata tangazo lake.

Hatua ya 5: Makosa mengine, kwa haraka

Kama kuna mstari mtupu au nafasi kabla ya `<?xml`, `xmllint` itasema tangazo linaruhusiwa mwanzoni tu. Futa hadi alama ya `<` iwe ndiyo herufi ya mwanzo ya faili.

Herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili. `<Name>` haifungwi na `</name>`.

Ndani ya maelezo ya pembeni, yanayoanza na `<!--`, usiandike vistari viwili mfululizo. Wengi tunapenda kuchora mstari wa vistari ili kutenganisha sehemu. Hapo XML inakataa.

Ukiambiwa kiambishi `xlink` au `oor` hakijatambulishwa, maana yake umeandika `xlink:href` lakini juu, katika tagi ya kwanza, hakuna `xmlns:xlink="..."`. Mara nyingi mtu ameifuta akidhani ni tangazo la tovuti. Na hili nimelikuta zaidi ya mara moja: mtu anaona anwani yenye `openoffice.org` na mwaka 2001 au 2006, anasema hii imepitwa na wakati, anaibadilisha iwe ya LibreOffice. Usifanye hivyo. LibreOffice ilitengana na OpenOffice.org mwaka 2010 na ikazirithi anwani hizo. Hazifunguliwi kama ukurasa. Ni majina tu, na yanalinganishwa herufi kwa herufi. Ukibadilisha herufi moja, tagi zako zote zinakuwa za ukoo mwengine.

Hatua ya 6: Umbo ni sahihi, maana siyo

`xmllint` inakagua umbo. Haijui LibreOffice inataka nini. Kwa hiyo faili zinaweza kupita zote, kiendelezi kikaingia, na "skuli" ikabaki na mstari wake mwekundu. Hapo fungua `dictionaries.xcu`:

```
<?xml version="1.0" encoding="UTF-8"?>
<oor:component-data xmlns:oor="http://openoffice.org/2001/registry"
    xmlns:xs="http://www.w3.org/2001/XMLSchema"
    oor:name="Linguistic" oor:package="org.openoffice.Office">
  <node oor:name="ServiceManager">
    <node oor:name="Dictionaries">
      <node oor:name="HunSpellDic_Visiwani" oor:op="fuse">
        <prop oor:name="Locations" oor:type="oor:string-list">
          <value>%origin%/sw_TZ.aff %origin%/sw_TZ.dic</value>
        </prop>
        <prop oor:name="Format" oor:type="xs:string">
          <value>DICT_SPELL</value>
        </prop>
        <prop oor:name="Locales" oor:type="oor:string-list">
          <value>sw-TZ</value>
        </prop>
      </node>
    </node>
  </node>
</oor:component-data>
```

Tazama mstari wa `Locales`. Majina ya faili yana kistari cha chini, `sw_TZ`. Jina la lugha lina kistari cha kati, `sw-TZ`. Tofauti hii ni ndogo mno kwa jicho lililochoka, na hakuna ujumbe wowote utakaokutahadharisha.

Kisha linganisha majina yaliyomo katika `Locations` na majina halisi ya faili. Ukiandika `SW_TZ.dic`, kwenye Windows huenda ikafanya kazi na kwenye Linux ikagoma. Fanya hivyo hivyo katika `manifest.xml`, ambako panatakiwa mstari huu:

```
<manifest:file-entry manifest:full-path="dictionaries.xcu"
  manifest:media-type="application/vnd.sun.star.configuration-data"/>
```

Upande wa Hunspell, mstari wa kwanza wa `.dic` lazima uwe idadi ya maneno. Si lazima iwe kamili, lakini lazima iwe nambari. Wengi huanza na neno moja kwa moja. Katika `.aff` uweke `SET UTF-8`, na ili ng’ombe ya ritifaa iliyopinda itambuliwe sawa na ng'ombe, ongeza mistari hii:

```
ICONV 1
ICONV ’ '
```

Bila ya hiyo, Writer (sehemu ya LibreOffice ya kuandikia) inayopinda ritifaa yenyewe wakati unaandika inaweza kuyakataa maneno ambayo umeyaweka kwa mkono wako.

Hatua ya 7: Funga upya bila ya kuongeza ganda

Kosa linalorudia sana ni kuibana folda badala ya vilivyomo ndani ya folda. Ingia ndani, uchague faili zote pamoja na `META-INF`, ndipo ubane. Kwa amri:

```
zip -r ../maneno.oxt .
unzip -l ../maneno.oxt
```

Katika orodha itakayotokea, uone `META-INF/manifest.xml`. Ukiona `maneno/META-INF/manifest.xml`, kuna ganda la ziada na LibreOffice haitaiona orodha yake ya shehena. Ni vyema pia kutoa jina jipya kila unapojaribu, na kufuta zipu ya zamani kwanza, kwa sababu amri ya `zip` huongeza ndani ya faili iliyopo na mabaki ya jana yanabaki humo.

Kabla ya kufunga, pandisha nambari ya `version`. Inasomwa kwa vipande baina ya nukta, kwa hiyo 1.10 ni mpya kuliko 1.9. Lakini `identifier` usiiguse. Ukiibadilisha, LibreOffice itadhani ni kiendelezi chengine, na watu wako watakuwa na viwili kwa pamoja, cha zamani na kipya.

Hatua ya 8: Kisakinishe na ukijaribu

Menyu ya Tools, kisha Extensions (katika matoleo ya nyuma imeandikwa Extension Manager), kisha Add. Kikikataa tena na ujumbe wa dirishani haueleweki, funga LibreOffice yote na utumie amri, ambayo huandika ujumbe unaoweza kunakiliwa:

```
unopkg add --force maneno.oxt
```

Kwenye Windows `unopkg` imo katika folda ya `program` ndani ya mahali ilipowekwa LibreOffice. Ujumbe huo ndio wa kumpelekea mtu unayemwomba msaada. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu kwa mbali, nusu yake mwangaza wa dirisha, haimsaidii.

Kama kiendelezi kibovu kimeshaingia na sasa LibreOffice inasumbua kufunguka, ianzishe kwa Safe Mode na uzime viendelezi vya mtumiaji. Maandishi yako hayataguswa.

Kisha fungua Writer, chagua lugha ya matini kuwa Swahili (Tanzania), na uandike sentensi moja yenye maneno yako mapya pamoja na neno moja ulilolikosea kwa makusudi. Sisi tuliandika: "Watoto wa skuli wamenunua tungule na mbatata karibu na nyumba ya sheha wa shehia yetu, kisha wakarudi dakhlaia." Neno la makosa ni muhimu kama yale sahihi. Likikosa mstari mwekundu nalo, basi kamusi haikaguliwi kabisa, na ukimya ule si dalili ya kazi njema; rudi hatua ya 6. Kwa Maalim mstari mwekundu ulitokea chini ya "dakhlaia" peke yake. Aliutazama kwa muda, akachomoa flashi, akaniuliza boti ya kwanza ya kwenda Unguja inaondoka Mkoani saa ngapi, kwa sababu kule nako ana wenzake wanaoingoja.